Poka bila pesa: mashindano au meza ya taslimu?

Kwa mtu anayecheza poka bila pesa, mashindano ndiyo mchezo wenyewe. Meza ya taslimu isiyo na taslimu ni kupoteza usiku wake. Kwa anayecheza kwa pesa mambo hayako hivyo. Huko meza ya taslimu ndiyo inayomwonesha mtu mapema kama anajua au hajui, na mashindano yanaweza kumficha ukweli huo kwa miaka. Vijana wetu wengi wamesikia nusu ya jibu, kwa kuwa fainali wanazozitazama kwenye simu ni za mashindano, bingwa amekaa nyuma ya mabunda ya noti, na hakuna anayewaonesha wale waliotoka siku ya kwanza. Nataka kulitoa jibu zima, pamoja na namna tunavyoendesha mashindano yetu hapa barazani Kikwajuni kwa komwe za bao na vizibo vya soda, pasi na mtu kutoa hata shilingi.

Kazi yangu ni hesabu. Kabla ya kurudi Unguja nikashika hesabu za hoteli nilikuwa karani kwenye meli za watalii, na wenzangu wa melini walikuwa wakicheza poka kwa pesa karibu kila jioni ya mapumziko. Mimi sikuweka dau. Kwa Muislamu, aya ya 90 ya Suratul Maida imeshalimaliza jambo hilo, imeitaja kamari pamoja na ulevi. Lakini nilikaa pembeni nikitazama, na jicho la karani haliachi kuhesabu. Niliupenda mchezo ule kwa hesabu zake na kwa namna unavyomlazimisha mtu kufikiri anachofikiri mwenzake. Wapo masheikh wanaozikataa karata zenyewe hata bila pesa. Mwenye msimamo huo simbishii wala simwiti barazani kwetu.

Tuelewane kwanza kuhusu aina hizi mbili. Ninaisema poka ya Texas, ile ya karata mbili mkononi na tano za wote katikati.

Katika meza ya taslimu kila chipu, yaani kete ya kuwekea dau, ina bei. Chipu ya shilingi 1,000 ni shilingi 1,000 kweli. Unaingia saa unayotaka, unaondoka saa unayotaka, ukiishiwa unatoa nyingine mfukoni. Madau ya lazima, yaani yale mawili wanayoyaweka wachezaji wawili wa kushoto kwa mgawaji kabla ya kuona karata, hayabadiliki usiku kucha. Katika mashindano kila mmoja analipa kiingilio kimoja, anapewa chipu sawa na wenzake, na chipu hizo haziuziki. Madau ya lazima yanapanda kila baada ya muda. Ukiishiwa umetoka. Zawadi wanapata wa mwisho kubaki, kwa kawaida kama watu 15 katika kila 100 walioingia, na sehemu kubwa huishia kwa watatu au wanne wa juu.

Sasa ondoa pesa kwenye meza ya taslimu uone kinachobaki.

Mtu anapopandisha dau anakuuliza: utatoa kiasi gani ujue nilichoshika? Swali hilo lina maana pale tu ambapo kutoa kunauma. Tulipoanza kucheza barazani kwa komwe, bila mpango wowote, mpwa wangu alikuwa anaweka zote kila mgao. Nikamwambia atulie, akanijibu: "Ami, kwani nikiweka zote pana hasara gani? Si komwe tu? Nikiishiwa si nachota nyingine?" Sikuwa na jibu, kwa sababu alichosema ni kweli tupu. Na ugonjwa huo unaambukiza: mmoja akiweka zote, wa pili anamfuata, wa tatu anaona aibu kubaki nyuma. Jozi ya ree, karata bora kuliko zote za kuanzia, humjia mtu kwa wastani mara moja katika migao 221. Ukiwa nayo dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, unashinda kama mara 85 katika 100. Dhidi ya watano walioweka zote kwa kuwa haziwaumi, unashinda chini kidogo ya nusu. Subira yote ya usiku imekwisha kazi. Hapo hamchezi poka tena, mnarusha shilingi hewani kwa kutumia karata 52.

Mashindano yanaurudisha ule uchungu bila kuhitaji pesa. Kinachouma ni kutoka: unakaa pembeni na kikombe chako unawatazama wenzako wanaendelea, na jina lako linaandikwa kwenye daftari mahali ambapo hukulitaka. Komwe inapata thamani kwa sababu haina badala.

Namna ya kuyaendesha

Watu sita mpaka wanane ndio wanaofaa. Chini ya hapo mashindano yanakwisha upesi, juu ya hapo mnahitaji baraza la pili na pakiti ya pili ya karata.

Komwe moja tunaihesabu moja, kizibo cha soda tano, kifungo cha shati ishirini na tano. Kila mchezaji anaanza na 200: komwe 20, vizibo 16, vifungo vinne. Kwa watu wanane hizo ni komwe 160, na bao moja lina komwe 64, kwa hiyo mnahitaji komwe za mabao mawili na nusu. Sisi tunaazima kwa wazee wa bao wa jirani na tunazirudisha usiku uleule zikiwa zimehesabiwa mbele yao. Naomba jambo hili msilipuuze. Bao lililopungua komwe mbili haliwezi kuchezwa kesho yake, na mzee aliyepotezewa komwe hataazima tena. Wauza soda wanakupa vizibo bure ukiwaambia mapema wakuwekee. Vioshwe kwa sabuni, la sivyo karata zitanata.

Madau ya lazima yaanze na 1 na 2, ili kila mtu awe na dau kubwa mara mia moja mkononi. Huo ndio urefu wa kutosha kucheza poka ya kufikiri. Kila dakika 20 yapande: 2 na 4, kisha 3 na 6, 5 na 10, 10 na 20, 20 na 40, 40 na 80. Simu ya mtu mmoja iwekwe kengele, na mwenye simu hiyo asiruhusiwe kuigusa kwa jambo jingine. Kwa mikono ya barazani, ambayo inachanga karata polepole na kusimama kumjibu kila apitaye salamu yake, dakika 20 zinatosha migao kama kumi.

Kuna kanuni rahisi ya kujua mtamaliza saa ngapi. Jumlisheni vyote vilivyo mezani, mgawanye kwa 20. Dau kubwa la lazima likifika hapo, mashindano yako ukingoni. Watu wanane mara 200 ni 1,600. Gawa kwa 20 unapata 80, ambayo ni hatua ya saba. Hatua saba za dakika 20 ni saa mbili na dakika 20. Tukikaa saa mbili na nusu usiku, Isha imeshasaliwa, tunamaliza kabla ya saa tano na kila mtu yuko nyumbani kwake kwa wakati wa heshima. Mkitaka kumaliza mapema, punguzeni dakika za kila hatua, msiruke hatua. Ukilirukisha dau kutoka 3 na 6 hadi 10 na 20 unaua sehemu ya katikati ya mchezo, na huko ndiko kujua kunakoonekana.

Madau yakifika 5 na 10, komwe hazina kazi tena. Badilisheni zote kwa vizibo, anayebakiwa na komwe zisizotimia kizibo aongezewe atimize. Hapo wazee wanaweza kurejeshewa zao.

Kuingia tena baada ya kutoka msiruhusu. Katika mashindano ya pesa siku hizi ni kawaida mtu kulipa tena na kurudi, kwa sababu mwenye ukumbi anapata ushuru mara ya pili. Kwenu mkiruhusu, mnamrudisha mpwa wangu na swali lake.

Kuhusu kahawa na kashata: kila mtu anachangia sawa, ashinde asishinde. Aliyetoka wa kwanza anakunywa kikombe kilekile cha bingwa. "Atakayeshindwa analipia kahawa" tumeikataa toka mwanzo, kwa kuwa hilo ni dau kama dau jingine lolote hata likiwa la shilingi mia. Kukusanya viingilio na kumpa mshindi pia ni kuwekeana dau, hata mkiliita zawadi.

Pointi, na kwa nini zinabadilisha mchezo

Zawadi yetu ni pointi katika daftari, zinajumlishwa kwa miezi mitatu. Wa kwanza tano, wa pili tatu, wa tatu mbili. Waliobaki hawapati kitu. Nimeuchagua mgawanyo huu kwa makusudi kwa sababu unafanana na ule unaotumika sana kwenye mashindano madogo ya meza moja, asilimia 50, 30 na 20, na unafundisha jambo ambalo meza ya taslimu haiwezi kukufundisha. Tulitazame kwa utulivu, maana hapa ndipo tofauti yote ilipo.

Mmebaki wanne, na kila mmoja ana robo ya vyote. Pointi zilizo hewani ni kumi, basi nafasi ya kila mmoja ina thamani ya pointi 2.5. Mwenzako anaweka zote. Ukimfuata ukashinda, yeye ametoka, wewe una nusu ya vyote na wawili waliobaki wana robo robo. Je, thamani yako imekuwa 5, kwa kuwa komwe zimekuwa maradufu? Hapana. Tuseme nafasi ya kuwa wa kwanza inalingana na sehemu ya komwe ulizonazo: una nusu ya kuwa wa kwanza, theluthi ya kuwa wa pili, sudusi ya kuwa wa tatu. Nusu ya tano ni 2.5, theluthi ya tatu ni 1, sudusi ya mbili ni karibu 0.33. Jumla 3.83. Komwe zimeongezeka mara mbili lakini thamani imetoka 2.5 ikafika 3.83 tu. Na je, pointi zilizobaki zimekwenda wapi? Zimekwenda kwa wale wawili waliokaa kimya wakinywa kahawa. Kila mmoja wao ametoka 2.5 akafika 3.08 bila kugusa karata.

Sasa gawa 2.5 kwa 3.83. Unapata karibu 0.65. Maana yake, ukiacha kidogo kilichokwishawekwa katikati, ili kumfuata yule jamaa kuwe na faida unahitaji kushinda mara 65 katika 100. Katika meza ya taslimu ungehitaji kupita 50 tu, kwa kuwa huko komwe maradufu ni pesa maradufu. Chukua jozi ya nane dhidi ya ree na mfalme wa rangi tofauti. Jozi hiyo inashinda kama mara 55 katika 100. Kwenye meza ya taslimu, ukijua ndicho alichoshika, unafuata bila kusita. Kwenye mashindano, mkiwa wanne na wanaolipwa ni watatu, unazitupa. Karata ni zilezile, watu ni walewale, na jibu sahihi ni kinyume.

Kijana aliyeielewa hesabu hii amepata kitu kikubwa kuliko poka. Amejua kuwa kile anachokihesabu mkononi na kile anachokihitaji havilingani kila mara. Nimewafundisha vijana wa baraza letu kwa penseli na karatasi, na wawili kati yao, ambao skuli walikuwa wakikimbia uwezekano kama ugonjwa, sasa wananiletea mifano yao wenyewe ya watu watano na zawadi mbili.

Mkishaizoea, wekeni usiku mmoja kila baada ya muda ambao mshindi peke yake ndiye anayepata pointi zote kumi. Mtaona mchezo unabadilika mbele ya macho yenu. Pale ambapo anapewa mmoja tu, komwe maradufu ni nafasi maradufu, na ile 65 inarudi kuwa 50. Yaani mashindano ya mshindi mmoja yanafikiriwa kama meza ya taslimu. Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kuujua upande wa pili bila kuuingiza mkono mfukoni.

Msiwape pointi kwa ngazi, moja kwa aliyetoka wa kwanza, mbili kwa wa pili, hadi nane kwa bingwa. Inaonekana ya haki lakini inawafanya watu wajifiche. Kila mmoja anasubiri mwenzake atoke, na baraza linasinzia.

Kwa wanaokwenda safari

Najua wapo wanaoondoka hapa kwenda melini, Ghuba, Ulaya, na watakuta meza za pesa kwenye makazi ya wafanyakazi. Ushauri wangu ni kutokaa. Lakini mtu aliyeamua kutonisikia bora awe na hesabu kuliko kuwa na ndoto, kwa hiyo naziandika.

Ndoto yenyewe ina jina. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, alishinda mashindano makuu ya dunia ya poka Las Vegas, ambayo kiingilio chake ni dola 10,000, baada ya kupata nafasi kupitia mashindano madogo ya mtandaoni ya dola 86. Waliingia watu 839, akachukua dola milioni 2.5. Kisa hicho ni cha kweli, na ndicho kilichowajaza watu mashindanoni kote duniani: mwaka 2023 mashindano hayohayo yalikuwa na viingilio 10,043, na mshindi, Daniel Weinman, alipata dola milioni 12.1. Kijana anaisikia milioni 12. Mimi nasikia 10,043, na kwamba kama 85 katika kila 100 hawakurudishiwa hata senti.

Mchukue mchezaji mzuri, mzuri kweli, anayefika kwenye zawadi mara 20 katika 100 badala ya 15. Nafasi ya kucheza mashindano kumi mfululizo asipate kitu ni karibu 11 katika 100. Wachezaji kumi wa kiwango chake wakicheza kumi kumi, mmoja anategemewa kutoka mikono mitupu na wala hajakosea. Na hata zile mara anazolipwa, nyingi ni kiingilio kurudi na nyongeza ndogo, kwa kuwa pesa imelundikwa juu. Ndiyo maana wanaoishi kwa mashindano huambiana wawe na akiba ya viingilio mia moja na zaidi, na wa meza ya taslimu huridhika na ishirini au thelathini. Mashindano hayakuambii upesi wewe ni nani. Mtu hodari anaweza kukata tamaa mapema, na asiyejua anaweza kushinda mara moja akajidanganya muda mrefu sana. Huyu wa pili ndiye niliyemhurumia zaidi melini.

Meza ya taslimu inasema ukweli haraka zaidi, ila inalipiwa ushuru kimyakimya. Mwenye ukumbi huchukua sehemu ya kila rundo, yaani madau yote yaliyowekwa katikati katika mgao mmoja, mara nyingi asilimia tano mpaka kikomo fulani. Watu tisa wamekaa, kila mmoja na 50,000. Mezani pana 450,000. Mgawaji mwepesi anagawa migao kama 30 kwa saa. Tuseme kila rundo kwa wastani ni 6,000: ushuru wake ni 300, kwa saa 9,000, kwa saa kumi 90,000. Sehemu moja ya tano ya pesa yote iliyoingia imeondoka na haijaenda kwa mchezaji yeyote. Katika mashindano ushuru unaonekana waziwazi: kiingilio 10,000, ada 1,000. Kwa mashindano madogo kiasi cha kumi kwa mia si ajabu. Ukilipa mara moja hulipi tena hata ukikaa mpaka alfajiri.

Mambo mengine nayapitia upesi. Mashindano yanaweka mpaka wa hasara, kiingilio kimoja basi, ukikataa kuingia tena, na kwa mtu asiyejizuia mpaka huo ni bora kuliko ujuzi wote. Meza ya taslimu inakuruhusu kuinuka: adhana ikiingia unasali, zamu ikifika unakwenda kazini, na watu wa mezani wakiwa hodari kukushinda unahama. Mashindanoni unakalishwa walipotaka wao, na ukiinuka madau ya lazima yanaendelea kukatwa kwenye chipu zako. Kwa upande wa ujuzi, meza ya taslimu inamlipa anayejua kucheza karata zote tano za katikati akiwa na chipu nyingi nyuma yake. Mashindano, hasa mwishoni watu wakiwa na madau kumi na tano au ishirini tu, yanamlipa anayejua lini aweke zote na lini atupe kabla ya karata za katikati kufunguliwa. Kwa hiyo atakayeuliza kipi kina faida ya pesa zaidi, kwa mtu mvumilivu mwenye akiba ndogo ni meza ya taslimu, kama anaweza kuushinda ushuru, na wengi hawawezi.

Kwenye simu, zile programu zinazokupa chipu za bure kila asubuhi, msikae meza za taslimu kabisa. Hazikufundishi kitu kwa sababu ile niliyokwishaieleza: chipu zinazorudi kesho hazina uchungu leo. Kama lazima mcheze humo, chezeni mashindano ya bure yenye watu wachache, na funga mlango wa kununua chipu kwa pesa halisi kabla hujaanza.

Meza ya daftari

Kuna njia moja ya kuipata poka ya taslimu, ile ya chipu nyingi na madau yasiyopanda, bila pesa, na tumeijaribu na inafanya kazi. Mwanzo wa mwezi kila mtu anaandikiwa 1,000 kwenye daftari. Madau ya lazima ni 5 na 10 mwezi mzima. Usiku wa kwanza anachukua kiasi anachotaka kutoka kwenye hesabu yake, lakini si zaidi ya 500. Akiondoka, alichonacho kinaandikwa, na usiku mwingine anaendelea kutoka hapo. Anaweza kuinuka saa yoyote. Sharti ni moja: akiishiwa zile 1,000, haandikiwi nyingine mpaka mwezi mwingine. Anakuja barazani, anakunywa kahawa, anagawa karata, lakini hachezi.

Wiki ya kwanza watacheza kwa pupa. Wiki ya tatu, aliyebakiwa na 140 anashika jozi ya tano na kuitazama kwa muda mrefu kabla hajaitupa. Katika mwezi huo waandikeni usiku kwa usiku, kila mtu kaingia na ngapi na katoka na ngapi, kisha linganisheni na daftari la mashindano. Kwetu bingwa wa pointi na bingwa wa daftari ni watu tofauti. Wa mashindano ni kijana mwepesi wa kuweka zote wakati wengine wanaogopa. Wa daftari ni mama mmoja muuza vitambaa Darajani, anayeongea kidogo na kutupa karata nyingi, na hajawahi kuishiwa.

Anzeni na mashindano mpaka kila mtu aijue ile hesabu ya 65 kwa kichwa, kisha fungueni meza ya daftari mwezi unaofuata. Daftari ashike mtu asiyecheza.